Sulhu ya Dukani na Swali la Fomu ya Viza

Mtu amekamatwa dukani na kitu ambacho hakukilipia. Kitu chenyewe ni cha thamani ndogo. Jamaa zake wameitwa, wamelipa bei ya kitu na fidia juu yake, mwenye duka ameridhia, polisi wamewaambia waende zao, na kila mmoja amerudi kwake. Miaka kumi na zaidi inapita. Mtu yule yule anakaa kujaza fomu ya kuomba viza ya kufanya kazi katika nchi ya kigeni, na fomu inamuuliza juu ya makosa aliyopata kuyatenda. Aandike nini?

Swali hili sikulibuni. Nililetewa barazani kwangu, baada ya sala ya alasiri, na muuguzi mmoja wa shehia yetu, mtu mwenye heshima kazini na mtaani, ambaye jina lake halitatajwa hapa kwa sababu ambazo msomaji atazifahamu. Amepata ahadi ya kazi katika hospitali ya Uingereza, amefaulu mtihani wa lugha, na karatasi zake zote alikuwa amezipanga ndani ya jalada moja kama mtu aliyezoea kazi ya ofisi. Ilibaki karatasi moja tu, nayo ni barua aliyoandikiwa na bwana mmoja mwenye duka la kompyuta hapa mjini, ambaye hujaza fomu za watu kwa malipo na hujiita wakala. Barua ilisema kwamba mimi namjua dada huyu tangu utoto wake, na kwamba hajapata kuhusishwa na kosa lolote, mahali popote, wakati wowote. Ilichohitaji ni saini yangu na muhuri wa tawi.

Natia neno kidogo hapa. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporejeshwa nchini mwaka 1992, muhuri wa tawi la chama hauna uzito wowote mbele ya ofisa wa viza wa nchi ya kigeni, na hata kabla ya hapo sidhani kama ulikuwa nao. Lakini watu wetu hawajaacha kuamini kwamba karatasi yenye mihuri mitatu ina ukweli mara tatu kuliko yenye mmoja. Nami nakiri kwamba barua za namna hiyo nimezitia saini nyingi, nikiwa nimesimama, nikiwa na haraka ya kikao, bila ya kuzisoma hadi mwisho. Siku hiyo pengine ningefanya vivyo hivyo, lau si yeye mwenyewe kunizuia.

“Ami, usitie saini kwanza,” alisema. “Maneno hayo ya mwisho si kweli. Mama anasema niandike hapana, na yule bwana wa fomu naye anasema niandike hapana. Lakini lipo jambo.”

Jambo lenyewe lilikuwa la mwaka 2014. Alikuwa mwanafunzi wa uuguzi Dar es Salaam, mwaka wa pili, mbali na kwao na fedha zimemwishia. Katika supamaketi moja alitia ndani ya mkoba kikopo cha mafuta ya uso, akapita mbele ya mpokea fedha bila ya kusema neno, na mlinzi akamshika mlangoni. Alipelekwa chumba cha nyuma, kisha kituo cha polisi, akakaa kwenye benchi tangu adhuhuri hadi isha. Baba yake mdogo alikuja kutoka Kariakoo, akalipa mara tano ya bei ya kile kikopo, na msimamizi wa duka akaandika kwamba hana dai tena. Askari mmoja mtu mzima alimpa mawaidha marefu, akamwambia kwamba akirudia atalala ndani. Hapakuwa na mashitaka yaliyosomwa, hapakuwa na hakimu, na alama za vidole hakuchukuliwa. Kama RB ilifunguliwa, hajui. Kama ile karatasi ya msimamizi wa duka ilihifadhiwa, hajui pia. Nakala hakupewa, wala haikumjia akilini kuiomba, kwani alilokuwa akilitaka usiku ule ni kutoka mlangoni asionekane.

Visiwa hivi vimeishi kwa sulhu. Mwizi wa kuku, majirani waliogombana kwa mpaka wa shamba, kijana aliyevunja kioo cha mtu kwa mpira, wote hao kabla ya kufika mahakamani hupitishwa kwanza kwa wazee, kwa sheha au kwa imamu wa msikiti. Ardhi yetu ni ndogo na hatuna pa kukimbiana. Anayemshitaki jirani yake leo atasimama naye safu moja kesho, na jeneza la mmoja litabebwa na mwengine. Ndiyo maana tumejifunza kuyamaliza mambo kwa malipo, kwa kuombana radhi, na kwa kunyamaza baada ya hapo. Huko kunyamaza ndiko kunakoikamilisha sulhu, na anayelifukua jambo lililokwisha kusuluhishwa huonekana yeye ndiye mkosa.

Hekima ya utaratibu huu si ndogo, nami sitaki msomaji adhani kwamba naubeza. Msichana aliyetamani kikopo cha mafuta akiwa na dhiki hastahili kubeba jina la mwizi maisha yake yote. Hata sheria ya dini, kwa madhehebu ya Imamu Shafii tunayoyafuata wengi wetu, haikukiweka kitu kisichofikia thamani ya robo dinari katika daraja moja na wizi mkubwa. Na mwenye mali akisamehe kabla shauri halijafikishwa kwa mtawala, ile adhabu nzito huondoka. Chuoni tulifundishwa pia kwamba aibu ambayo Mwenyezi Mungu amemsitiri nayo mja wake, si adabu mja mwenyewe kuifunua.

Hapo ndipo mama yake muuguzi alipoisimamisha hoja yake, na wengi wetu tungeisimamisha papo hapo. Lakini walimu wale wale waliotufundisha sitara walitufundisha kwamba kushuhudia uongo ni katika madhambi makubwa, na hawakuyachanganya mambo hayo mawili. Mtu halazimiki kuipigia mbiu aibu yake sokoni. Akiulizwa swali na mwenye haki ya kuuliza, naye anajua kwamba jawabu lake litategemewa, basi hana tena ruhusa ya kusema lisilokuwa. Fomu ya viza humalizika kwa tamko kwamba yote yaliyoandikwa ni ya kweli kwa kadiri ya ujuzi wa muombaji. Anayelithibitisha tamko hilo amekwisha kuitwa shahidi juu ya nafsi yake.

Tuitazame sasa fomu yenyewe, maana wengi huijadili bila ya kuisoma. Fomu ya Uingereza haina swali moja tu la makosa. Inauliza kama muombaji, katika nchi yoyote na wakati wowote, amepata kutiwa hatiani. Kama amepata adhabu ya kosa la barabarani. Kama amekamatwa au kushitakiwa kwa jambo ambalo kesi yake haijaisha. Kama amepewa onyo, karipio au adhabu nyengine. Kama amepata kuhukumiwa katika shauri la madai, kama vile la deni. Na kama ameadhibiwa kwa kuvunja sheria za uhamiaji. Wala haikomi hapo. Mbele kidogo huuliza kama lipo jambo jengine lolote alilolitenda linaloweza kuonesha kwamba yeye si mtu wa mwenendo mwema.

Tulikaa na dada huyu tukaisoma orodha hiyo neno kwa neno, na kwa kweli kazi hiyo ilitufunza sote wawili. Kutiwa hatiani? Hapana, na jawabu hilo ni la kweli. Kesi ambayo haijaisha? Hapana. Hukumu ya madai? Hapana, kwa sababu fedha alizotoa baba yake mdogo zililipwa kwa mapatano, na hakuna mahakama iliyoamuru. Tulipofika kwenye neno “onyo” tulisita. Onyo linalokusudiwa hapo ni lile rasmi, linaloandikwa na mamlaka na kuwekwa kwenye kumbukumbu. Mawaidha ya askari mtu mzima pembeni mwa kaunta huenda yasiwe ndiyo. Lakini swali la mwisho, lile la mwenendo, halina ukuta wa kujifichia. Halimuulizi kama polisi wameandika. Linamuuliza alilolitenda.

Hapa lugha yetu nayo ina sehemu yake ya lawama. Kwetu sisi neno “kosa” hubeba dhambi, hubeba kuteleza, na hubeba jinai. Neno “kesi” tunalitumia kwa ugomvi wowote uliofika kituoni, hata ukaisha pale pale kwa kupeana mikono. Tunasema “kesi imekwisha”, na msikilizaji hawezi kujua kama ilipata kuwapo. Mtu anayefikiri kwa maneno mapana namna hiyo, kisha akajaza fomu iliyoandikwa na wanasheria wa Kiingereza, hukosea kwa njia mbili: ama hukana asichopaswa kukana, ama hujishitaki kwa jambo ambalo hakuulizwa.

Bwana wa duka la kompyuta alikuwa na hoja yake tayari. Kwa kazi za afya, elimu na ustawi wa jamii, Uingereza humtaka muombaji alete hati ya polisi ya kila nchi aliyoishi kwa miezi 12 au zaidi katika miaka 10 iliyopita. Hati ya tabia njema ya dada huyu ilikwisha toka, nayo ilikuwa safi. Basi, akasema bwana yule, kama polisi wenyewe hawana neno, wewe utalitoa wapi? Hoja hii inavutia masikio, na imewapoteza watu. Hati ya polisi inaeleza kilichomo ndani ya kumbukumbu za polisi. Fomu inauliza kilichomo ndani ya kumbukumbu za muombaji.

Nilimweleza habari ya kijana mwengine, ambaye yeye naweza kumsimulia kwa kuwa amekwisha kuisimulia mwenyewe kila mahali. Alisoma Uingereza, na mwaka 2011 alikamatwa katika duka la nguo. Polisi wa Uingereza hawakumpeleka mahakamani. Walimpa onyo rasmi, ambalo hutolewa kwa mtu aliyekiri kosa, naye akatia saini. Alirudi nyumbani, akafanya kazi, akaoa. Mwaka 2019 alipata kazi huko tena na akaomba viza. Aliyemjazia fomu alitia alama kwenye “hapana”, na kijana akakubali, kwa sababu rafiki zake wa Uingereza walimwambia kwamba onyo la namna ile huhesabika limekwisha siku ile ile linapotolewa.

Rafiki zake hawakusema uongo, lakini walisema nusu. Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 ambayo humruhusu mtu, baada ya muda, kutolitaja kosa lake la zamani anapoomba kazi za kawaida, na onyo rasmi huingia katika ruhusa hiyo mara moja. Lakini tangu Oktoba 1, 2012, ruhusa hiyo haitumiki katika maamuzi ya uhamiaji. Kwa mwajiri wa dukani onyo limekufa. Kwa ofisa wa viza liko hai. Maombi ya kijana yalikataliwa kwa udanganyifu, na kwa kanuni za uhamiaji akafungiwa mlango kwa miaka 10.

La kuumiza zaidi ni hili. Kwa kanuni zilizokuwapo mwaka ule wa 2019, onyo la polisi lililoandikwa kwenye kumbukumbu lilikuwa ni sababu ya kawaida ya kumkatalia muombaji ndani ya miezi 12 tangu lilipotolewa. Yeye alikuwa amekaa nalo miaka 8. Lau angeliandika, ofisa angelisoma, pengine angeuliza swali moja au mawili, na kosa lenyewe lisingekuwa tena na nguvu ya kumzuia kwa kipengele kile. Alichokificha kilikuwa kimekwisha isha uzito. Kitendo cha kukificha ndicho kilichomgharimu hadi mwaka 2029.

Wala Uingereza haiko peke yake. Marekani humuuliza muombaji kama amepata kukamatwa au kutiwa hatiani kwa kosa lolote, hata kama baadaye alisamehewa. Neno lao ni “kukamatwa”, na msichana aliyekaa benchi la kituo tangu adhuhuri hadi isha hana njia ya kuliruka. Sheria yao ya uhamiaji ina nafasi ya huruma kwa aliyetenda kosa moja dogo, ambalo adhabu yake ya juu haizidi mwaka mmoja gerezani, na ambaye hakuhukumiwa zaidi ya miezi 6. Lakini aliyedanganya kwa makusudi katika jambo la msingi ili apate viza huzuiwa maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha maalumu. Tena wako wanaodhani kwamba wamesuluhishwa kumbe walikiri mbele ya hakimu wa Marekani na kupewa kazi ya kujitolea au faini ndogo, kisha shauri likafutwa. Aghalabu, kwa macho ya uhamiaji wa nchi ile, mtu huyo ametiwa hatiani. Kanada ndiyo iliyo wazi kupita wote, kwani humuuliza mtu kama amepata kutenda jinai, kukamatwa, kushitakiwa au kutiwa hatiani, popote duniani, na tangu mwaka 2014 adhabu ya kudanganya imepandishwa kutoka miaka 2 hadi miaka 5 ya kutokubaliwa.

Wanaokwenda Oman na nchi nyengine za Ghuba aghalabu hawakutani na maswali marefu namna hii. Huko hutakiwa hati ya polisi na vipimo vya afya, na mengi mengine huwa mikononi mwa mwajiri. Shida za huko ni nyengine, nazo zinastahili siku yake.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni rahisi kuyasema kwa mtu ambaye haondoki. Wana haki ya kusema hivyo. Ofisa wa viza ana hiari kubwa, na anayejieleza hana dhamana ya kukubaliwa. Inawezekana dada huyu akaandika ukweli wake wote na akanyimwa, na muuguzi mwengine aliyefanya makubwa kuliko yake akaandika hapana na akapanda ndege. Siwezi kuahidi kinyume chake. Ninachoweza kusema ni kwamba aliyekataliwa kwa kueleza anaweza kuomba tena mwakani akiwa na maelezo yale yale, na aliyepatikana na uongo hana cha kurudi nacho. Hata akikubaliwa, uongo ule hukaa ndani ya jalada lake akisubiri kila anapoongeza muda wa viza, anapoomba ukaazi, na anapoomba uraia. Kwa muuguzi jambo ni zito zaidi, kwani Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza nalo humtaka atoe tamko la mwenendo kabla ya kumsajili, na matamko mawili ya mtu mmoja hayatakiwi kupingana. Wala asijidanganye mtu kwamba nchi moja haijui ya nyengine: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na New Zealand zimekubaliana kulinganisha alama za vidole za waombaji.

Kwa insafu niongeze kwamba sheria inatenganisha uongo na kukosea. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika shauri la muombaji kutoka Nigeria, iliamua kwamba maelezo hayawi ya udanganyifu kwa kuwa si sahihi tu. Lazima pawe na nia ya kutokuwa mkweli. Aliyekosea kwa kutofahamu swali ana pa kusimama. Lakini naomba mtu asiijengee nyumba hukumu hiyo, maana atakayetakiwa kuonesha kwamba hakufahamu ni yeye, akiwa Unguja au Pemba, mbele ya ofisa asiyemjua, kwa maandishi, huku barua pepe za wakala wake zikisema waziwazi “andika hapana, hawatajua”.

Niseme pia kwamba si kila sulhu inapaswa kumiminwa katika kila fomu. Swali likihusu kutiwa hatiani na hukumu za mahakama tu, aliyelipa duka kwa mapatano anajibu hapana, na amesema kweli. Uingereza kwenyewe zipo karatasi za namna tatu ambazo watu wetu wamekuwa wakizichanganya. Ipo barua ya madai inayotoka dukani au kwa kampuni iliyotumwa na duka, nayo ni jambo la deni tu kati ya watu binafsi. Mwaka 2012 mahakama ya madai ya Oxford iliyatupa madai ya namna hiyo dhidi ya wasichana wawili. Ipo faini ya papo hapo inayotolewa na polisi, ambayo si hukumu lakini ni adhabu. Na lipo onyo rasmi, ambalo ni kukiri. Anayeulizwa ajue kwanza ameshika ipi. Kwa hiyo maneno ya kwanza ninayowaambia vijana wetu siku hizi ni kwamba walisome swali lote, katika lugha yake, pamoja na mtu anayeifahamu lugha hiyo na asiyelipwa kwa idadi ya fomu.

Kwa hao wanaolipwa kwa idadi ya fomu, kalamu yangu haina upole. Shirika la Afya Duniani liliiweka Tanzania, mwaka 2023, katika orodha ya nchi zenye upungufu wa watumishi wa afya zinazohitaji kulindwa, na kanuni za Uingereza zinawakataza mawakala na waajiri kwenda kuwasaka wauguzi katika nchi za orodha hiyo. Muuguzi anaweza kuomba mwenyewe. Basi mtu anayejitangaza mjini kwamba ni wakala wa kupeleka wauguzi Uingereza aulizwe uwakala huo kaupata wapi. Zamani tulikuwa na walanguzi wa sukari na vitenge, nao serikali iliwajua kwa magunia yao. Mlanguzi wa karatasi hana gunia. Anakaa nyuma ya kompyuta, anapokea fedha mbele, anatia alama kwenye kisanduku, na siku ya kukataliwa saini iliyopo si yake.

Lakini lawama haiwezi kuishia kwao, na hapa nageukia maofisa wetu, kwa kuwa najua wanaisoma safu hii. Dada huyu ameamua kusema kweli, na amegundua kwamba kweli yake haina karatasi. Anaweza kuandika kwamba alisuluhishwa, lakini hana hati ya sulhu. Anaweza kuandika kwamba hakushitakiwa, lakini hana barua ya kituo isemayo hivyo. Mkweli anajikuta hana ushahidi wa nusu njema ya habari yake, na nusu mbaya ndiyo pekee aliyoiandika kwa mkono wake. Je, ni ajabu kwamba wengi huona usalama uko katika kunyamaza?

Kituo cha polisi kinapoacha shauri dogo limalizike kwa mapatano, kinashindwaje kumpa kila upande karatasi moja yenye tarehe, namba ya RB kama ipo, jambo lenyewe, kiasi kilicholipwa, na kwamba hakuna mashitaka yaliyofunguliwa? Kazi hiyo ni ya dakika kumi. Masheha nao husuluhisha mambo kila wiki, na wengi wao, nimewaona kwa macho, huandika kwenye daftari la skuli ambalo sheha akibadilishwa huondoka nalo nyumbani. Daftari hilo lingekuwa mali ya ofisi, na mwenye shauri akapewa nakala, tungeisaidia sulhu yetu isimame hata mbele ya mgeni. Najua kwamba polisi na uhamiaji ni mambo ya Muungano, na kwamba ofisi za hapa zitaniambia shauri la Dar es Salaam liulizwe Dar es Salaam. Jawabu hilo lina nauli ya boti ndani yake, kwenda na kurudi, na siku mbili za kazi. Ofisi zetu za kazi na ajira, ambazo kila mwaka huwaaga vijana wanaokwenda nje kwa hotuba nzuri, zingeweza kuweka meza moja tu ya mtu wa kuwasomea fomu kwa Kiswahili kabla hawajaitia saini, bila malipo.

Barua ya bwana wa kompyuta sikuitia saini. Niliandika nyengine, fupi. Nilisema kwamba namjua dada huyu tangu mtoto na kwamba sasa ni muuguzi katika wodi ya wazazi. Kwamba yeye mwenyewe, bila ya kulazimishwa, amenieleza jambo la dukani la mwaka 2014, akiwa mwanafunzi. Na kwamba tangu wakati huo sijasikia juu yake neno baya, nami naishi nyumba ya nne kutoka kwao. Yeye aliandika mistari sita katika nafasi ya maelezo: tarehe kwa kadiri anavyoikumbuka, kitu alichokichukua na bei yake, fedha zilizolipwa na nani alizilipa, kwamba hakufikishwa mahakamani, na kwamba anajuta. Alitaka kuongeza habari za dhiki aliyokuwa nayo wakati ule. Nikamshauri aiache, naye akaifikiri usiku kucha, kisha akaiandika. Nadhani alikuwa sahihi kuliko mimi.

Mama yake hakusema naye siku tatu. Bwana wa kompyuta aliisoma barua yangu, akaniambia kwamba katika kazi yake hajapata kuona barua ya sifa yenye kutaja wizi.

Fomu bado hajaituma. Anataka kwanza aambatanishe japo mstari mmoja kutoka kile kituo cha polisi, kwamba shauri lilikwisha bila mashitaka. Alivuka kwa boti ya asubuhi wiki iliyopita, akaambiwa kwamba madaftari ya mwaka 2014 yako stoo, na mwenye ufunguo wa stoo yuko likizo. Atarudi Jumatatu.